Mshono wa chuma ni amana: Kijana ajifunzie kwenye bamba kabla ya kukabidhiwa tela

Ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tunapenda tuzungumze na wazazi na walezi wa mkoa wa Mara, na wa kwingineko pia, juu ya kazi ambayo vijana wetu wengi wanaiingia huku sisi nyumbani tukiwa hatuujui undani wake. Kazi hiyo ni ya kuchomelea vyuma.

Apitaye barabara kuu itokayo Mwanza kuelekea Sirari, akifika Bunda, na akikata kushoto kuingia Musoma mjini, hatakosa kusikia mlio wa grinda na kuona mwanga wa buluu ukimulika kandokando ya njia. Mageti, grili za madirisha, vitanda, stendi za matangi ya maji, matela na mikokoteni ya ng'ombe, vyote hutoka katika karakana hizo. Humo ndimo huingia kijana aliyemaliza shule na kukosa nafasi ya kuendelea. Mjomba humpeleka kwa fundi, akaanza kwa kushika chuma kisicheze, kisha kugonga slagi, kisha kupiga rangi, na siku moja akapewa rodi.

Hatuna la kuibeza njia hiyo, kwani imewalisha wengi. Bali tuna jambo moja ambalo tungependa kila mzazi alijue. Kijana anayejifunza kwa mageti peke yake hujifunza nusu ya kazi, na ile nusu iliyobaki ndiyo inayobeba roho za watu.

Chuma na kipimo

Kazi ya chuma ina heshima kubwa katika dini yetu. Qur'ani Tukufu, katika Suratu Saba, inatueleza kuwa Allah (SW) alimlainishia chuma Nabii Daud (AS) ili aunde mavazi ya kujikinga vitani. Yafaa tuzingatie kwamba amri ya kuunda ilikuja pamoja na amri ya kupima sawasawa katika kuunganisha pete za mavazi hayo. Mwenye kulivaa vazi lile hakuwa na nafasi ya kukagua pete moja moja. Aliutegemea uaminifu wa aliyeziunga.

Katika nchi yetu ya Mara nako uhunzi si jambo la kuazima. Kabla ya kuja kwa reli na meli, jembe, mkuki na shoka vilitoka kwa wahunzi wa ukoo wa Waturi, waliojulikana kwa kazi hiyo miongoni mwa jamii kadhaa za mkoa huu. Mhunzi wa zamani aliunga chuma kwa kukipasha moto makaani hadi kikaribie kuyeyuka, kisha akakigonga kwa nyundo vipande viwili vikawa kimoja. Mjukuu wake wa leo hutumia umeme, lakini lengo halijabadilika: vipande viwili viwe kimoja kwa kweli, visiwe vimegandana kwa juu tu.

Katika maziwa yetu makuu mabadiliko hayo yanaonekana vizuri. Meli ya MV Liemba ya Ziwa Tanganyika, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 na kuletwa Kigoma vipande vipande, ilishonwa kwa ribiti, yaani misumari minene iliyopigwa ikiwa ya moto. Lakini MV Mwanza Hapa Kazi Tu, iliyoanza kujengwa Mwanza mwaka 2019 na kushushwa majini Februari 2023, yenye urefu unaozidi meta 90, imeungwa kwa mabamba ya chuma yaliyochomelewa. Hali kadhalika vivuko tunavyopanda, kama MV Ujenzi ambayo kwa miaka mingi imevusha watu kati ya Kisorya wilayani Bunda na Rugezi katika kisiwa cha Ukerewe. Abiria ameketi juu ya mishono ya fundi ambaye hatamwona maisha yake yote.

Moto unafanya nini

Ili mzazi afahamu tunachokisema, inafaa aelewe kidogo jinsi kazi inavyokwenda. Mashine ya kuchomelea hutoa umeme wenye nguvu kubwa ya mkondo. Waya mmoja, uitwao ethi, hubanwa kwenye chuma kinachochomelewa. Waya wa pili huishia kwenye koleo lililoshika rodi. Fundi anapogusisha ncha ya rodi kwenye chuma na kuiinua kidogo tu, umeme huruka katika mwanya ule na kufanya tao la moto. Moto huo una joto la maelfu ya nyuzi, na chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,500 hivi za Selsiasi. Hivyo chuma cha chini huyeyuka, na rodi yenyewe huyeyuka ikidondoka ndani yake, na hapo hutokea kidimbwi kidogo chekundu ambacho fundi hukisogeza polepole mpaka mwisho wa mshono.

Ganda linaloizunguka rodi si pambo. Linapoungua hutoa moshi unaofukuza hewa isikiguse chuma kilichoyeyuka, kisha huacha utando mgumu juu ya mshono, ndio ule tunaouita slagi. Bila ganda hilo mshono ungejaa vitundu kama mkate. Mwaka 1904 Msweden aitwaye Oscar Kjellberg alianzisha kampuni ya kazi hii, na miaka michache baadaye akapata hataza ya kuivika rodi ganda. Fundi wa Bunda na fundi wa Stockholm wanatumia jambo hilo hilo hadi leo.

Kwa nini geti halitoshi

Sasa tuje kwenye kiini cha maneno yetu. Mabomba ya mraba yanayotengenezewa mageti na madirisha ni membamba, mara nyingi milimita moja na nusu au chini yake. Hatari yake kubwa ni kutoboka. Kwa hiyo jambo la kwanza analolijua mwanafunzi wa karakana ni kuogopa moto: ashushe ampea, aguse na kuachia, aguse na kuachia, apange vidonge vidogo vidogo mpaka ufa uzibe. Kisha grinda hupita juu, rangi hupigwa, na geti linang'aa. Kwa geti hilo si kosa.

Tabia hiyo hiyo akiipeleka kwenye bamba nene la milimita 8 au 10, mambo hugeuka. Bamba nene hunyonya joto kwa wingi. Moto mdogo unaoyeyusha rodi hautoshi kuuyeyusha uso wa bamba, na chuma cha rodi hulala juu yake kama nta iliyodondokea meza. Kwa macho mshono upo, tena pengine umepambika. Ndani haukupenya. Ukipakia mzigo na barabara ikatikisa, mshono hubanduka mzima mzima, na mahali ulipokuwa umekaa huonekana pakavu kabisa, pasipo alama ya kuyeyuka.

Chukua mfano wa ndoano ya tela inayofungwa kwenye trekta, kiungo cha ekseli ya mkokoteni, mguu wa mnara unaobeba tangi la lita 5,000 juu ya uwanja wanakocheza watoto. Hivyo vyote ni kazi za bamba na chuma kinene, na vyote huletwa katika karakana ile ile ya mageti. Mteja hana jinsi ya kuona ndani ya mshono. Ndiyo maana tunasema ni amana.

Somo la bamba

Mwanafunzi apewe kipande cha bamba la milimita 8 hadi 10, upana wa kiganja, kimesuguliwa kutu kwa brashi ya waya. Achukue rodi ya milimita 3.2, aweke ampea kati ya 90 na 130 kadiri mtengenezaji alivyoandika kwenye pakiti, na achore mistari iliyonyooka, mmoja baada ya mwingine, mpaka bamba lijae. Kisha agonge slagi, asugue, na aanze tena juu yake kwa kukatiza. Bamba moja laweza kutumika siku nyingi kwa namna hii, na hiyo ndiyo dawa ya wale wanaosema hawana chuma cha kuchezea. Wauzaji wa vyuma chakavu wanavyo vipande vinavyofaa.

Mambo manne ndiyo ya kuyatunza. La kwanza ni urefu wa tao: mwanya kati ya ncha ya rodi na chuma usizidi unene wa rodi yenyewe. Ukizidi, moto hutawanyika na cheche hurukaruka. Ukipungua mno, rodi hunata. Sikio husaidia hapa, kwani tao lililo sawa hulia mfululizo kama samaki anayekaangwa katika mafuta yaliyochemka vyema. La pili ni ulalo wa rodi, iinamishwe kidogo kuelekea upande inakokwenda. La tatu ni mwendo, usiwe wa haraka wala wa kuzubaa. La nne ni jicho kutulia kwenye kidimbwi chenyewe badala ya kuufuata mwanga wa tao. Anayeona ukingo wa kidimbwi ukimeza chuma cha bamba anajua kwamba anapenya.

Akiweza kulala, apande: bamba lisimamishwe wima naye achomelee kutoka chini kwenda juu, kisha juu ya kichwa. Mikao hiyo ndiyo humtofautisha fundi na mwanagenzi, kwani chuma kilichoyeyuka, kama maji, hutaka kuteremka.

Mabamba mazito ya kuungwa ncha kwa ncha yana adabu yake. Kingo huchongwa mshazari ili zikikutanishwa zifanye bonde la nyuzi 60 hivi, na chini kabisa uachwe mwanya wa milimita 3 hivi. Mshono wa kwanza hutiwa katika mzizi wa bonde hilo, kisha mishono mingine hujazwa juu yake, na kila mmoja husuguliwa slagi kabla ya unaofuata. Anayeruka uchongaji kwa kuona uvivu ameunga ngozi tu ya bamba, nyama amaiacha.

Ukate uone

Hatujui mtihani wa haki kuliko huu tunaoueleza. Mabamba mawili yakishaungwa, hukatwa vipande vyembamba kupita katikati ya mshono. Kipande kimoja hukunjwa uso ukiwa nje, kingine hukunjwa mzizi ukiwa nje, mpaka vifanye umbo la herufi U. Katika kanuni ya Marekani ya kuchomelea majengo ya chuma, ufa unaozidi milimita 3 juu ya mkunjo humwangusha aliyeuchomelea. Hakuna rangi wala grinda inayoweza kumtetea.

Karakana isiyo na mashine ya kukunjia yaweza kufanya mtihani mdogo zaidi. Simamisha bamba moja juu ya jingine kama herufi T, chomelea upande mmoja tu, kisha libane kwenye jiliwa na lipige kwa nyundo kubwa mpaka mshono uvunjike. Tazama ndani. Ukiona kona ya chini imeyeyuka yote, mshono ni wa kweli. Ukiona kona ingali na alama za grinda kama ilivyokuwa mwanzo, basi moto haukufika. Mtihani huu hauna gharama ila rodi mbili tatu na unyenyekevu wa kuiona kazi yako ikivunjwa.

Mataifa makubwa yamejifunza hili kwa hasara. Tarehe 16 Januari 1943, meli mpya ya mafuta iitwayo Schenectady, iliyokuwa imetia nanga katika maji matulivu huko Portland, Marekani, ilipasuka nyufa kutoka sitaha hadi karibu na mkuku. Haikupigwa bomu wala haikugonga mwamba. Wachunguzi walitaja chuma kilichokuwa rahisi kukatika kwenye baridi, mvutano uliobaki ndani ya mabamba, na mishono yenye kasoro. Katika meli ya ribiti ufa unaweza kukomea mwisho wa bamba moja. Katika meli iliyochomelewa mabamba yote ni mwili mmoja, na ufa hupata njia ya kupita. Ndiyo sababu mshono mmoja mbaya si jambo dogo.

Rodi na unyevu wa ziwa

Karakana zetu nyingi hutumia rodi ya 6013. Namba mbili za mwanzo humaanisha kuwa mshono wake huhimili mvuto wa paundi 60,000 kwa inchi ya mraba, na 1 inayofuata humaanisha kuwa yafaa kwa mikao yote. Ni rodi nyepesi kuwasha na inayosamehe. Kwa kazi nzito hutakiwa 7018, yenye nguvu zaidi, lakini hiyo ni kama unga: ikipata unyevu imeharibika. Maji yaliyomo kwenye ganda hugeuka hewa ya haidrojeni, ikaingia ndani ya chuma, na ufa waweza kutokea saa kadhaa au siku kadhaa baada ya fundi kulipwa na kuondoka. Kwa hiyo pakiti ikifunguliwa, rodi hutunzwa katika tanuri dogo la joto la nyuzi 120 hivi. Katika mji kama Musoma uliozungukwa na maji, rodi ya 7018 iliyolala wazi juu ya rafu majuma kadhaa haifai kwa kazi ya kubeba watu. Aidha, baadhi ya mashine za transfoma zilizosukwa mitaani hazina volti za kutosha kuiwasha vizuri rodi hiyo, na fundi mkweli humwambia mteja hivyo mapema.

Macho, kifua na mapipa

Wazazi wenzetu, hapa tunaomba mtusikilize kwa makini zaidi. Mwanga wa tao una mionzi isiyoonekana inayounguza uso wa jicho. Kijana hahisi kitu wakati wa kazi. Saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku, huamka analia kana kwamba macho yamejaa mchanga. Kwa kawaida hupona ndani ya siku moja au mbili, lakini kurudiarudia si jambo la kuvumilia. Miwani ya jua haimkingi. Anahitaji ngao ya uso yenye kioo cheusi cha namba 10 au 11 kwa ampea tulizozitaja. Wala msimwekee maziwa au maji ya mitishamba machoni, mpelekeni hospitali. Na watoto wanaosimama kutazama wafukuzwe kwa upole, kwani mionzi ile haichagui aliyeshika rodi na aliye mtazamaji.

Moshi nao una hesabu yake. Mwaka 2017 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Kazi ifanyike penye upepo, na mchomeleaji asiinamishe kichwa ndani ya moshi. Anayechomelea bomba lililopakwa zinki, lile la maji, aweza kupata baridi, homa na kuumwa viungo usiku huohuo. Kwetu Mara homa ya namna hiyo huitwa malaria moja kwa moja. Akapimwe, na daktari aelezwe kazi aliyoifanya mchana.

Jambo la mwisho ni pipa au tangi lililowahi kubeba petroli, dizeli au spiriti. Lisiguswe na moto, hata likionekana kavu. Mvuke unaobaki ndani hulipuka, na kijana hupoteza maisha kwa ujira wa kuziba tundu moja.

Mzazi afanye nini

Musoma kuna chuo cha VETA cha mkoa wa Mara. Wilayani Bunda kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Kisangwa, kimoja kati ya vyuo 54 vya aina hiyo nchini, ambavyo vilianza kuundwa mwaka 1975. Mzazi wa Butiama, kijiji alikozaliwa na kuzikwa Mwalimu Julius Nyerere, aliyeandika mwaka 1967 juu ya elimu ya kujitegemea, hayuko mbali na vyote viwili. Nendeni mkaulize kozi zilizopo, ada na muda wake. Kwa kijana aliyekwisha jifunza mtaani, upo utaratibu wa VETA wa kuutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa: hupimwa kwa vitendo, huongezewa pale palipopungua, kisha hupewa cheti. Ada ya kozi ndefu ikishindikana, njia hiyo isidharauliwe. Wala mabinti wasiachwe nyuma, kwa kuwa kazi hii huhitaji mkono uliotulia kuliko msuli.

Na kama kijana anapelekwa kwa fundi wa mtaani, mzazi aende naye siku ya kwanza, amsalimu fundi kwa heshima na aulize maswali machache. Je, mwanangu atapewa ngao ya uso tangu siku ya kwanza? Nyaya za mashine zimefunikwa, au ziko wazi? Atapata lini kuchomelea bamba, na nani atamvunjia mshono ili auone? Fundi mwema hatachukia maswali hayo. Mzazi mwenye uwezo amnunulie mwanawe ngao, glovu za ngozi na kipande cha bamba, naye fundi atajua kuwa kijana huyu ana wenyewe.

Siku kijana atakapoletewa tela lililokatika ndoano, akiwa hajauvunja mshono wake hata mmoja wa bamba, basi aseme: "Mzee, kazi hii bado sijaifikia, mpelekee fulani." Atakosa ujira wa siku moja. Lakini tela lile litateremka mlimani likiwa limebeba watu na magunia, na wote watafika.